Rangi ya Vikapu kwenye Taa za Nyuma

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kansilda. Jioni za kilio, zile ambazo kwetu tunaziita ikiriyo, niliketi uwanjani kwake Kabeza pamoja na watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka nilipofahamiana naye. Nilifika na gari langu jipya, na sioni haya kusema kwamba waliokuwa mlangoni walisimama. Jioni ya pili nikaombwa niseme neno. Mimi ni mtu wa kuombwa neno siku hizi, harusini na msibani. Nikasema kwamba marehemu alinilisha nilipofika mji huu nikiwa sina kitu, watu wakaguna kwa kuridhika, nikaketi. Damasi, ambaye alikuwa dereva tangu siku zile na sasa anatembelea fimbo, akaniinamia sikioni. "Ungesema na ile ya rangi, sha," akaninong'oneza. Nikamjibu kwamba muda ulikuwa mdogo. Akatingishika mabega kwa kicheko cha watu wa msibani, kile kisichotoa sauti. "Muda? Ghala lako la Masoro umelisemea dakika kumi." Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na nilipoamka asubuhi bado nimekasirika nilijua kwamba Damasi alisema kweli. Kwa hiyo naandika hapa ile ya rangi.

Mwaka wangu wa 1994 ulianza mwezi wa Agosti. Ile miezi ya kabla yake ni ya watu wengine, wana haki nayo kuliko mimi, na sitaisimulia. Mimi nilivuka mpaka kutoka Tanzania nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, nina mashati mawili meupe, suruali moja ya kitambaa, na stashahada ya ufundi wa magari niliyoipata chuoni Mwanza. Huko tuliiita diploma, na nitaiita hivyo. Nilikuwa nimeiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha chini ya shati kifuani. Katika darasa letu tulihitimu kumi na wanane na mimi nilikuwa wa tatu, na wale wawili walionitangulia mmoja wao aliibia mtihani. Nilikuwa nikiamini kwamba nchi inayoanza upya itakuwa na njaa ya watu kama mimi, na kwamba nitakapofika Kigali mtu atanipokea barabarani kwa mikono miwili. Niliyekutana naye barabarani alikuwa mama mnene kidogo, amejifunga kitenge cha Bujumbura, anahangaika kuingiza sufuria kubwa katika mlango mwembamba. Nikamsaidia kuipindua. Akanitazama kuanzia viatu hadi kola. "Umekula?" akauliza. Ndiye Mama Kansilda.

Nyumba ile haikuwa yake na hakuwahi kusema ni yake. Alikuwa amerudi mwezi mmoja kabla yangu, yeye na dada yake mdogo Beatrisi, na walikuta mji una nyumba nyingi zilizo wazi na watu wachache. Wengi wetu tuliingia tulipoweza kuingia. Lakini chumba kimoja alikifunga. Alikusanya humo kila alichokikuta, vyombo, picha za watu asiowajua, kitabu cha sala, hata kiatu kimoja cha mtoto, akafunga kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. "Mwenyewe akija, atakuta vitu vyake," alikuwa akisema. "Asipokuja, Mungu iko nahesabu." Mimi akanipa chumba cha uani ambacho dirisha lake halikuwa na kioo, limefunikwa kwa shitingi ya buluu, lile turubai la plastiki la misaada, na kukipambazuka chumba kizima kilikuwa na rangi ya maji. Sebule ndiyo ilikuwa hoteli. Meza mbili, mabenchi manne, maharage, ndizi za kupika, sombe, yaani kisamvu, siku ya Jumatano na Jumamosi. Ukuta kati ya kitanda changu na sebule ulikuwa mwembamba, na elimu yangu ya Kigali niliipata kupitia ukuta ule, nikiwasikiliza madereva wanakula.

Walizungumza juu ya barabara tu. Sisi tuliotoka Tanzania na Uganda tulizoea kushika kushoto. Wale wa Burundi na Zaire walishika kulia, kama sheria ya hapa inavyotaka. Kila siku kulikuwa na hadithi ya magari mawili yaliyokutana uso kwa uso pale Gisimenti na kila dereva akashuka kumfundisha mwenzake. "Ananiambia ati mimi ndiye niko upande mubaya!" nilimsikia Damasi siku moja, kijiko kikigonga sahani. "Nikamuuliza, wewe umetoka wapi? Akasema Mbarara. Nikamwambia, basi rudi nyuma mpaka Mbarara!" Wakacheka wote. Lakini baada ya kicheko sauti zilishuka, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa likiwaua: taa za nyuma. Hakukuwa na gari mjini lenye taa za nyuma nzima. Zilivunjwa, ziling'olewa, na maduka ya vipuri yalikuwa rafu tupu. Watu walifunga vitambaa vyekundu, vifuniko vya makopo. Damasi alivisha balbu mfuko mwekundu wa plastiki, ukayeyuka, akaendesha wiki nzima akinuka kama jalala linalochomwa.

Damasi alikuwa dereva wa shirika moja la misaada lililokuwa na yadi karibu na Gisimenti. Shirika hilo liliagiza vifuniko vya taa za nyuma kwa magari yake kumi na mawili, boksi likaja, na walipolifungua wakakuta vifuniko vyote ni vyeupe. Saizi sawa, skrubu sawa, ila vyeupe kama maji. Ukivifunga, gari linaonyesha mwanga mweupe kwa nyuma. Aliye nyuma yako jioni anadhani unamjia. Na katika mji ambao nusu ya watu hawajui waende kushoto au kulia, yule aliye nyuma anafanya nini? Anakukwepa kwa kubahatisha, na huenda akaingia upande ule ule unaokatia wewe. Damasi alikuwa amekoswa kugongwa mara mbili. "Mimi nimekataa," alisema mezani. "Nimemwambia bosi, hiyo kitu siifungi. Niliokoka yale yote nife kwa sababu ya kifuniko?" Nikatoka chumbani kwangu nikiwa nimevaa shati jeupe, nikasimama mbele yao kama mwalimu. Nikasema: "Rangi. Vifuniko hivyo vinapulizwa rangi nyekundu. Ni kazi ya nusu siku. Mimi nina diploma." Damasi akanitazama, akamtazama Mama Kansilda. "Huyu ndiye nani?" "Ni Diploma," Mama Kansilda akasema, na kuanzia saa ile hilo likawa jina langu.

Mkuu wa yadi alikuwa Bwana Mugisha, mtu aliyekulia Kampala, mrefu, mkavu, asiyemaliza soda yake kamwe. Alisoma diploma yangu mbele na nyuma. Akanipa vifuniko viwili. "Nenda nyumbani, weka rangi, Ijumaa jioni niletee. Tunafunga kwa gari ya Damasi, mimi nasimama mbali. Nikiona nyekundu, unafanya zote, na ile banda pale unaichukua, unakuwa fundi wa hapa. Nikikosa kuona, hapana rudi." Nikalitazama banda. Lilikuwa la mabati, lina meza ya chuma na jiliwa lenye kutu, na nadhani sijawahi kukitamani kitu chochote duniani kama nilivyolitamani banda lile. Ilikuwa Jumanne.

Nilinunua kopo la rangi ya kupulizia, nyekundu, ile ya kupaka bodi, kutoka kwa mchuuzi aliyeleta bidhaa za Uganda. Nikavisugua vifuniko kwa msasa laini na maji, nikavifuta, nikavitundika kwa waya uani kati ya jiko na kamba ya nguo, nikapuliza. Mkono mmoja, ukakauka, mkono wa pili, wa tatu. Niliyajua yote hayo: umbali wa kopo, mwendo wa mkono, kutosimama mahali pamoja rangi isije ikachuruzika. Nilipomaliza vilikuwa vinametameta kama matofaa yaliyopakwa mafuta. Niliita watu waje waone. Wa kwanza kuja walikuwa wateja, na hawakuja kuona. Walikuja na sahani zao mikononi. "Mama Kansilda!" mmoja alilalamika. "Hii maharage umepika na petroli?" Mwingine akanusa kijiko. "Hapana, sombe ndiyo ina ladha ya Toyota." Harufu ya rangi ilikuwa imeingia jikoni, ikakaa juu ya sufuria zilizokuwa wazi, na siku ile Mama Kansilda alimwaga chakula ambacho hakuwa na uwezo wa kukimwaga. Hakunifokea. Alinawa mikono, akaja pale kwenye waya, akavitazama vifuniko vyangu kwa muda mrefu.

"Viko vizuri," akasema. "Lakini taa si ya kuangalia mchana."

Akakitoa kimoja kwenye waya, akaingia nacho chumbani kwake. Nikamfuata mpaka mlangoni. Sikuwa nimewahi kuingia. Kilikuwa chumba cha giza, mapazia mazito, vitanda viwili vya wanawake, na pembeni juu ya kasha la mbao ilikuwepo picha ya Bikira Maria na mbele yake taa ndogo, kikombe cha kioo chekundu chenye mshumaa ndani. Alikitoa Bujumbura kimeviringwa katika vitenge vitatu, Beatrisi aliniambia baadaye. Walipoteza masanduku mawili njiani lakini kioo hakikupata hata ufa. Mama Kansilda akawasha mshumaa wa kawaida, akauweka nyuma ya kifuniko changu, kando ya taa ya Bikira. Kile kikombe kilikuwa kinawaka chote, chekundu mpaka ukutani. Changu kilikuwa giza. Si kwamba mwanga wake ulikuwa hafifu. Ni kwamba hakukuwa na mwanga, kama umeweka sahani.

Nikaanza kueleza. Naona aibu nikikumbuka nilivyoeleza. Nilisema balbu ya gari ina nguvu kuliko mshumaa, nilisema kuhusu volti, nilisema kwamba kule chuoni tulifundishwa na mwalimu aliyesomea Ulaya. Beatrisi, aliyekuwa kitandani akisuka kikapu, akainamisha uso kuficha kicheko. Mama Kansilda alinisubiri nimalize, kama mtu anavyosubiri mvua ipungue.

"Diploma yako iko nzuri, mwana wanjye," akasema. "Lakini mushumaa hajui kusoma."

Nilitoka nikaenda chumbani kwangu, nikajilaza chini ya dirisha langu la buluu. Niliwaza kulifunga kopo na kumpelekea Mugisha vile vile. Jua likiwa bado lipo, pengine angeona wekundu wa rangi akadhani ni wekundu wa taa. Kisha nikafikiria Damasi barabarani baada ya hapo, gari lake jeusi nyuma kama usiku, dereva wa Mbarara anamjia kwa kasi. Kifuniko kisichoonyesha mwanga ni kibaya kuliko kifuniko cheupe. Nilijua hivyo tangu mlangoni kwa Mama Kansilda. Nilichokuwa sijui ni nifanye nini, na hapakuwa na mtu ambaye ningeweza kumwambia neno hilo moja, "sijui", kwa sababu tangu nivuke mpaka nilikuwa nikijitambulisha kama anayejua.

Alikuja yeye. Alibisha hodi, akaingia na sahani ya ndizi iliyofunikwa na kikapu kidogo cha katani mkononi, kile kilichokuwa kwa Beatrisi, chenye mistari myekundu. "Tazama hii," akasema. "Unaona uzi?" Nikasema naona. "Uko mwekundu, na uzi unauona bado. Kila uzi. Rangi yako inafunika. Rangi ya vikapu hapana funika, inaingia." Akakaa kwenye ncha ya kitanda na kunieleza, kama anayeeleza jinsi ya kupika, kwamba wanao unga wa rangi, wanauchemsha na maji, maji yanakuwa mekundu lakini unaona chini ya sufuria. "Wewe unajua vitu vya kupuliza. Mimi najua rangi. Kula kwanza."

Nilikula kwanza. Kilichofuata ni siku mbili ambazo ningezibadilisha na miaka kadhaa ya maisha yangu ya sasa, pamoja na ghala. Rangi ya zamani niliiondoa kwa msasa na maji, kisha nikavisugua vifuniko kwa dawa ya meno mpaka vikarudi kuwa vyeupe kama maji. Unga mwekundu haukutaka kushikamana na plastiki ukiwa kwenye maji. Ulijikusanya matone na kudondoka. Hapo diploma yangu ilifaa kidogo, na nalisema hili bila majivuno: nilikumbuka kwamba vanishi ya maseremala huyeyushwa kwa spiriti, na nikajaribu unga ule katika spiriti, ukayeyuka wote. Jirani yetu mmoja alikuwa seremala, anatengeneza milango kutwa, kwa kuwa Kigali nzima ilihitaji milango. Akanipimia vanishi katika kikombe cha chai. Kwa kupulizia nilitumia bomba la dawa ya mbu, lile la mkono, ambalo Beatrisi alilikuta stoo na nikalisafisha mara nne kwa maji ya moto. Safari hii nilipulizia nyuma kabisa ya choo, upepo ukielekea bondeni.

Mkono mmoja ulitoa pinki ya peremende. Tulikipeleka chumbani, tukawasha mshumaa, tukakiweka kando ya taa ya Bikira Maria. Mama Kansilda alikuwa anainama hadi kidevu kinagusa kasha. "Bado," alisema. Narudi uani, mkono wa pili, nasubiri ukauke, narudi. "Bado." Wa tatu, wa nne. Nilitaka kupuliza mingi kwa pamoja ili tumalize. Akanikataza: "Utaharakisha, utafunika." Beatrisi aliacha kusuka akawa mlinzi wa nzi, maana nzi mmoja akitua juu ya vanishi mbichi kazi imekwisha. Katika mkono wa saba Mama Kansilda alinyamaza. Aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akarudia. Ukutani kulikuwa na madoa mawili ya mwanga mwekundu na hukuweza kujua lipi ni la Bikira na lipi ni la Toyota. "Sasa," akasema, na akafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa jioni, jua linazama, Damasi alifunga vifuniko kwa bisibisi yangu. Mama Kansilda alikuwepo, maana Ijumaa alikuwa akileta chakula yadini kwa madereva. Mugisha alitembea na chupa yake ya soda mpaka mwisho wa barabara ya vumbi, akawa mdogo kama kidole. Akapunga mkono. Damasi akakanyaga breki. Nilikuwa nimesimama kando ya gari na niliona vumbi la nyuma likigeuka jekundu. Kule mbali, Mugisha akainua mikono yote miwili. Madereva wakapiga kelele, Damasi akapiga honi, na Mugisha alirudi akitembea haraka, jambo ambalo sijaona akilifanya tena.

"Nani ametengeneza hii akili?" akauliza.

Nami nikajibu: "Mimi. Nina diploma."

Mama Kansilda alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, anapakua. Upawa ulisimama hewani. Ulisimama kidogo tu, kisha ukaendelea kwenye sahani, na akamwita dereva anayefuata. Sikugeuza uso. Mugisha akanipa mkono na kunionyesha ufunguo wa banda, nami nikaupokea.

Watu waliofanikiwa wanapenda kuulizwa walianzaje, na katika miaka hii nimeulizwa mara nyingi. Nimejibu kwamba nilianza na bomba la dawa ya mbu na akili yangu. Nilipofungua karakana yangu ya kwanza pale Remera nilisema hivyo. Nilipojenga ghala Masoro, mahali ambapo mwaka ule palikuwa vichaka na mashamba ya mihogo, nilisema hivyo kwenye kipaza sauti, Mama Kansilda ameketi mstari wa mbele na mwavuli wake. Alipiga makofi. Nilimjengea ukuta wa nyumba yake aliponunua kiwanja Kabeza, nilimpeleka hospitali mara nyingi kuliko watoto wa dada yake, na niliamini kwamba hiyo ndiyo shukrani. Yote hayo nilifanya kwa moyo, na ningeyafanya tena. Lakini neno lenyewe, kwamba akili ile ilikuwa yake, sikulisema, na mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule nilikuwa nimepewa nafasi ya kulisema ambayo wengi hawapewi mara ya pili.

Rangi ya vikapu hukaa miaka mingi kivulini. Juani haikai. Tulipofika Desemba taa zote ishirini na nne nilizopuliza zilikuwa zimeanza kupauka, kwanza kama nyanya isiyoiva, halafu kama ua waridi, na za Damasi, ambazo zilikuwa za kwanza, zilikuwa karibu nyeupe. Jioni moja lori lilimkwepa pale kwenye barabara ya uwanja wa ndege na kumng'olea kioo cha pembeni. Asubuhi yake mgeni wa makao makuu, aliyekuwa amekuja kukagua, aliuliza mbele ya watu kama magari yale yalipambwa kwa ajili ya harusi. Mugisha akaniita katikati ya yadi. Ilikuwa Ijumaa, na madereva waliokuwa wamejipanga na sahani kwa ajili ya chakula cha Mama Kansilda wakageuka kutazama.

"Wewe ulisema ni akili yako," Mugisha alisema polepole. "Mimi nikaandika jina lako kwa ripoti. Fundi, ana diploma. Sasa Damasi alikuwa afe. Niambie, hii ni makosa gani ya diploma?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya jua, na spiriti, na ubora wa unga wenyewe. Nilikuwa pia na maneno ya kweli. Hayakutoka haya wala yale. Nilikuwa naliangalia banda.

"Hapana yeye," ilisema sauti kutoka kwenye foleni ya chakula. "Ni mimi."

Mama Kansilda alikuja huku anajifuta mikono kwenye kitenge. "Bwana Mukubwa, rangi ni yangu. Ya vikapu. Mimi ndiye nilimwambia huyu mutoto aweke. Yeye alikataa, nikamlazimisha. Nilifikiri taa ni kama kikapu, sikujua juu ya jua. Unisamehe."

Damasi, ambaye alijua ukweli wote, alikuwa ananitazama mimi. Kisha Mugisha akaanza kucheka, taratibu, kama gari linalowashwa asubuhi ya baridi. "Vikapu!" akasema. "Mungu wangu. Magari ya watu wakubwa, rangi ya vikapu!" Madereva wakaanguka vicheko. Hata mgeni, alipotafsiriwa, alicheka mpaka akatoa leso. "Na mama, hiyo rangi kwa jua inakaa siku ngapi?"

"Mwezi inakaa vizuri," alijibu bila kusita. "Baada ya hapo inaanza kuzeeka. Na muniite mapema, musingoje ikawa kama hii."

"Basi kila mwisho wa mwezi mtarudia. Wote wawili. Mpaka vile vya kweli vije." Akanigeukia. "Na wewe, fundi, utasikiliza mama mpaka mwisho, au nusu nusu?" Nikasema mpaka mwisho. Hilo ndilo neno pekee nililolitoa siku ile mbele ya watu. Vile vya kweli vilichelewa kuja, na katika kurudia kule kila mwezi ndimo nilimojifunza kazi iliyonifanya niwe hivi nilivyo.

Tuliondoka yadini pamoja alasiri, njia ya Kabeza, yeye na sufuria kichwani juu ya kata ya kitambaa, mimi mikono mitupu. Tulikwenda kipande kirefu. Mwishowe nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Kosa langu mimi ni kicheko," alisema. "Umeona, wamecheka, wamekula. Kosa lako wewe ni barua ya kufukuzwa. Kwa hiyo nikaona afadhali liwe langu."

"Na ile Ijumaa ya kwanza," nikasema, "niliposema ni mimi?"

Akasimama ili sufuria itulie. "Aa, siku ile nilikasirika. Nilikasirika sana. Wiki nzima nilikupakulia kidogo. Hukuona?"

"Sikuona, Mama."

"Hukuona!" Akapiga kelele ya kicheko mpaka akaishika sufuria kwa mikono miwili. "Mimi najinyima usingizi, nasema, leo atajua, namutilia kijiko kimoja cha maharage, na yeye anakula anaelezea watu juu ya Mwanza!"

Nikamwomba sufuria. Alikataa, akasema mwanaume hawezi, akasema shati litachafuka. Niliichukua tu. Haikuwa tupu kama nilivyodhani, na masizi ya chini yake yalipochanganyika na jasho langu yalishuka shingoni mpaka kwenye kola. Damasi alitupita na gari, akatoa kichwa chote nje ya dirisha, na aliyoyasema siyaandiki. Tulipofika kwenye maduka ya Kabeza wanawake waliokuwa wakiuza mboga waligeuka wote kwa pamoja kutuangalia, na mmoja, mzee kidogo, akamuuliza Mama Kansilda ni nani huyo kijana anayembebea.

"Ni wa kwangu," akajibu. "Ananisaidia kupuliza rangi."

Nilikuwa na neno la kuongeza, lile lililokuwa jina langu, na aliyesoma mpaka hapa analijua. Sikuliongeza. Nikaiweka sufuria sawasawa kichwani, nikamfuata.